Gulio lina ushuru lakini halina choo: fedha za halmashauri zetu zimepanda juu, majukumu yamebaki chini

#1 Kitongoji Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, jambo hili nimelibeba muda.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu, na kabla ya hapo nilikaa kwenye halmashauri ya kijiji vipindi viwili. Cheo kingine sina. Naandika kama mtu aliyekaa ngazi ya chini kabisa ya serikali, ile ambayo mwananchi akikasirika anakuja kukugongea mlango saa mbili usiku.

Gulio letu ni kila Jumatano. Wanakuja watu wa nyanya, wa mitumba, wa mbuzi, wa dagaa. Mkusanya ushuru yuko getini tangu alfajiri na mashine yake ya POS, risiti inatoka. Sina ugomvi naye. Lakini kwa miaka tisa gulio lile halikuwa na choo. Kila mwaka mkutano mkuu wa kijiji uliandika kwenye muhtasari: choo cha gulio. Muhtasari ukapanda kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata ikaupitisha, ukafika wilayani, ukaingia kwenye mpango. Kisha ukomo wa bajeti ukashuka kutoka juu, choo kikakatwa. Mwaka uliofuata vilevile. Siku moja mama muuza nyanya akaniuliza, "Mwanangu, hii hela ninayotoa kila Jumatano inakwenda wapi?" Nilikosa jibu, na mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wake.

Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haijasema kupeleka huduma, wala kupeleka maagizo. Imesema madaraka. Ninavyoona mimi, aliyepewa jukumu bila mapato yanayoeleweka amepewa lawama tu.

Wengi humu mmezaliwa baadaye, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1972 nchi hii ilizifuta halmashauri kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Kilichofanyika ni kwamba maofisa wa serikali kuu walisogezwa mikoani na wilayani, wakawekwa wakurugenzi wa maendeleo, na madiwani waliochaguliwa na watu wakapoteza mabaraza yao. Ofisi ilisogea karibu na mwananchi, sauti yake ikaenda mbali. Miji ilipozidiwa, mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja sheria namba 7, 8 na 9, za mamlaka za wilaya, mamlaka za miji na fedha za serikali za mitaa, na kufikia 1984 halmashauri zikawa zimerudi kazini nchi nzima. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi wa uzito ule hakiri kosa kirahisi. Tungelishika somo lile.

Sasa angalieni kinachoendelea kidogokidogo.

Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo pamoja na rundo la ushuru mdogomdogo. Hili la kodi ya maendeleo nalisema kwa haki: ilikuwa kero kweli. Nakumbuka mgambo wakija alfajiri, na wanaume wa kijiji wakilala porini kuwakimbia. Hakuna aliyeililia. Lakini halmashauri iliahidiwa fidia kutoka Hazina, na tangu hapo ikazoea kutazama juu kuliko kuwatazama watu wake. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu, mwaka uliofuata na ada za mabango. Mwaka huo wa 2017 ushuru wa mazao ya biashara ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipumua, nami ni mkulima, nilishukuru. Lakini wilaya inayotegemea pamba au korosho ilipoteza sehemu kubwa ya mapato yake, na majukumu yake hayakupungua hata moja.

Ukiacha fedha, kuna kazi zenyewe. Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zilitoka halmashauri zikaenda TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu. Julai 2019 maji vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji. Najua sababu, na nyingine ni za kweli: wahandisi walikuwa wachache, fedha za barabara zilikuwa zinachepushwa. Ila tafakarini hali ya diwani wa leo. Anaomba kura kwa kuahidi barabara na maji, akishinda anakuta vyote viwili viko kwa wakala anayewajibika wizarani. Kwenye baraza anaweza kuuliza na kulalamika. Kuamua hawezi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kila halmashauri inaposhindwa, dawa yetu imekuwa kuinyang'anya chanzo au kazi na kuipandisha juu. Hatujajaribu kwa dhati dawa ya pili, yaani kuiacha na fedha yake halafu kumpa mwananchi meno ya kuibana.

Mnaoniona naota, niwape mfano wa zahanati. Zamani fedha za zahanati zilikaa wilayani, mganga anaomba, anasubiri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zimeanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati yetu inakaa, inapanga, inaidhinisha. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kuna utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Mara ya kwanza tulipobandika mapato na matumizi kwenye mti wa mwembe pale nje, watu walisoma mpaka karatasi ikachakaa. Mzee mmoja akauliza kwa nini mafuta ya pikipiki ya chanjo yamezidi ya mwezi uliopita. Mganga akaleta daftari la safari, wakahesabu pamoja, mzee akaridhika. Kiasi chenyewe si kikubwa, kingeweza kukaa wilayani na hakuna ambaye angekiulizia. Kilipokuja kijijini kila mtu akawa mkaguzi.

Naomba michango, hasa kutoka kwa mliowahi kufanya kazi ndani ya halmashauri.

#2 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, umenirudisha mbali. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana kwenye mji mmoja wa mkoa, nisiutaje. Baraza la mji lilikuwa limeshafutwa. Taka zilikaa mtaani hadi mbwa wakazikinai. Bomba la mtaa wetu lilikatika, nikaenda kuuliza nani anahusika, nikaambiwa nimwone ofisa fulani. Yule akasema fungu halipo, nisubiri mkoa. Zamani ningemwendea diwani wetu, alikuwa fundi cherehani hapo sokoni, ningemkuta kwenye mashine yake. Kipindupindu kilipoingia miaka ya mwisho ya sabini ndipo wakubwa waliposhtuka.

Vijana mjue kwamba wale maofisa wa Madaraka Mikoani hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wasomi na wachapakazi kutuzidi. Tatizo lilikuwa mtu wa kumjibu. Ofisa alimjibu aliyemteua.

#3 Mhasibu wa Zamani

Nimefanya kazi ya hesabu kwenye halmashauri mbili, sasa niko nje ya utumishi. Mleta uzi ana hoja ila picha haijakamilika, niongeze ya ndani.

Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri ni ruzuku kutoka serikali kuu, na ruzuku hiyo inakuja imeshapewa kazi: mishahara, elimu, afya. Huna pa kuigeuza. Mapato ya ndani ndiyo fedha pekee ambayo baraza la madiwani linaweza kuiamulia, nayo ina masharti. Asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Hilo ni la kisheria tangu 2018. Halmashauri nyingi zinatakiwa zipeleke asilimia 40 kwenye miradi. Kinachobaki ni posho za vikao, mafuta, madeni ya wazabuni, umeme wa ofisi. Diwani anapiga meza, mwenyekiti anapiga meza, na mezani hakuna kitu.

Halafu kuna suala la muda. Fedha za mradi zikiingia Mei, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Unaanza kukimbiza manunuzi, unaandika barua za kuomba, fundi anaharakisha ukuta haujakauka. Miradi mibovu mingi mnayoiona imezaliwa Mei.

Kutegemea juu kumefika hadi kwenye posho. Bajeti ya 2021/22 ndiyo iliyoamua kwamba halmashauri 168 kati ya 184 posho za mwezi za madiwani zilipwe na serikali kuu, kwa sababu zenyewe zilikuwa zinashindwa. Ni msaada, madiwani walikuwa wanakopwa miezi na miezi. Lakini mwakilishi wa wananchi akishalipwa na juu, jicho lake nalo linahamia huko.

Sasa upande wa pili, na hili litawauma baadhi. Wizi upo. Nimeona mashine ya POS ikizimwa wiki nzima kwa kisingizio cha mtandao, ushuru ukaendelea kukusanywa kwa mkono. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinarudia mwaka baada ya mwaka: makusanyo hayajapelekwa benki, mikopo ya asilimia 10 haijarejeshwa, vikundi vingine ni hewa. Ndiyo maana mikopo ile ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejea 2024 kwa utaratibu mwingine. Kwa hiyo mkisema "rudisheni fedha halmashauri", mimi nauliza: mnazirudisha kwa nani?

#4 Kijana wa Kijijini

Mhasibu kauliza swali langu. Mimi binafsi bora barabara iwe TARURA. Miaka ya nyuma kwetu greda lilikuwa likija kipindi cha kampeni tu. Na mkutano mkuu wa kijiji tangu nifikishe miaka 18 sijawahi kuona mapato na matumizi yakisomwa. Mtendaji anasoma ajenda ya usafi na michango ya madawati, mnaondoka. Meno mnayoyasema yako wapi?

#5 Kitongoji Kwetu

Mhasibu, asante kwa kusema ukweli wa pande zote. Kijana, nawe umesema kweli.

Sikatai wizi. Mwenyewe nimewahi kukaa kikao ambacho fedha za mchango wa darasa zilipungua na hakuna aliyeweza kueleza zilikokwenda. Lakini pimeni kitu kimoja. Fedha ikipotea kijijini, ndani ya mwezi kila mtu ameshajua, hata nyumba iliyoezekwa upya watu wameihesabu bati kwa bati. Ikipotea mbali, tunaisoma kwenye ripoti ya CAG baada ya mwaka, mhusika keshahamishiwa kituo kingine. Tukisema kila palipo na mwizi fedha ipande juu, tuoneshwe ngazi isiyo na mwizi.

Mnazirudisha kwa nani? Kwa baraza linaloweza kumwajibisha mkurugenzi wake. Kwa sasa mkurugenzi anateuliwa na Rais, wakuu wa idara wanahamishwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Baraza likimkataa mtumishi kwa ubadhirifu, safari ya barua ni ndefu na mara nyingi mwisho wake ni uhamisho. Mimi nisingegawa shilingi ya ziada kabla ya kugusa hapo. Mkurugenzi ashindanie nafasi kwa sifa, asaini mkataba na baraza, baraza likiwa na ushahidi limwondoe. Hili ni gumu kuliko kugawa fedha, nalijua, kwa sababu linagusa mamlaka ya uteuzi.

Hata baraza lenyewe linahitaji kuwa na watu waliochaguliwa kwa ushindani. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji wa 27 Novemba 2024 chama kimoja kilipata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Ule wa 2019 upinzani ulisusia. Siongelei chama, hata kingekuwa changu. Naongelea mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba hakuna wa kumwondoa: huyo atasoma mapato na matumizi kwa sababu gani?

#6 Mkaazi wa Wote

Salamu kutoka Makueni. Nasoma uzi huu na kuona mambo tuliyopitia.

Sisi Kenya tuliamua kuliweka jambo hili kwenye Katiba ya 2010. Kaunti 47, gavana anachaguliwa na wananchi, bunge la kaunti linapitisha bajeti, na Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa na kuidhinishwa bungeni. Waziri akiamka vibaya hawezi kufuta kaunti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa naiona: kwenu inatosha sheria au tangazo. Kama sikosei mnakumbuka Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa uamuzi wa Rais, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Hapa kwetu tulianza na mikutano ya vijiji, inapanda hadi wadi, hadi kaunti, na mradi ukikubaliwa wananchi huchagua kamati ya kuusimamia. Mkandarasi halipwi mpaka kamati iridhike na kazi. Nimekaa kwenye kamati moja, tulikataa saruji iliyochakachuliwa na fundi akarudia msingi.

Lakini msidhani ugatuzi, yaani huku kushusha madaraka kwa kaunti, ni asali tupu. Afya iligatuliwa kwa haraka. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma siku 100, wauguzi nao miezi mitano mwaka huohuo wa 2017, kaunti na serikali kuu zikirushiana lawama huku wagonjwa wakirudishwa nyumbani. Mgao huchelewa, wafanyakazi wa kaunti wakakaa miezi bila mshahara. Na ufisadi, kama msemavyo, nao uligatuliwa. Magavana kadhaa wamefikishwa kortini. Hata hivyo uliza mtu wa Mandera, kaunti ya mbali kaskazini mashariki, kama angekubali kurudi kwa mkuu wa wilaya. Hatakubali. Waliona lami mjini mwao kwa mara ya kwanza baada ya ugatuzi.

#7 Mhasibu wa Zamani

Ndugu wa Makueni, hiyo ya mkandarasi kutolipwa mpaka kamati iridhike naiona ndiyo dawa niliyokuwa natafuta. Kwetu kamati za ujenzi zipo kwenye miradi ya shule na vituo vya afya, wananchi wanasaini. Tatizo wengi wanasaini wasichokijua. Wakipewa makadirio ya gharama kwa Kiswahili cha kueleweka, mifuko mingapi, nondo ngapi, bei gani, hakuna fundi atakayewapiga.

#8 Kitongoji Kwetu

Mkaazi wa Wote, asante sana, na siyapuuzi mabaya uliyoyaeleza. Sidai tuige kaunti. Nchi yetu ina halmashauri 184, nyingine ndogo mno kujitegemea, na kuna wilaya ambazo zikiachiwa mapato yao wenyewe zitakufa njaa wakati Dar inaneemeka. Serikali kuu lazima ibaki na kazi ya kusawazisha, hilo silipingi hata kidogo.

Niweke pendekezo moja linalotekelezeka bila kungoja Katiba mpya. Kodi ya majengo. Tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Kwa ukusanyaji ni njia nzuri: haina gharama kubwa, haina mgambo, hakuna wa kukwepa isipokuwa asiye na umeme. Iachwe hapohapo. Kinachoniuma ni kwamba inaingia Mfuko Mkuu wa serikali kuu kwanza, kisha halmashauri inasubiri mgao. Mwananchi anakatwa wakati wa kununua umeme wa taa, hajui amelipa nini, hajui amuulize nani. Mpangaji anakatwa badala ya mwenye nyumba na hata kudai arudishiwe anaona aibu.

Kila mita ina mahali ilipo. Mfumo unajua mita hii iko wilaya gani. Basi fedha ya mita za wilaya iingie akaunti ya wilaya ileile moja kwa moja, kama ilivyofanyika kwa zahanati, na kila robo mwaka kila ofisi ya kata ibandike: kata yetu imechangia kiasi hiki, kimefanya hiki. Wilaya maskini ziendelee kupata ruzuku ya usawa. Hapo diwani hatakuwa na pa kujificha, na mama wa nyanya atapata jibu lake.

#9 Kijana wa Kijijini

Hilo la kubandika nimelielewa. Lakini niambie mzee wangu, mimi nisiye na cheo naanzia wapi? Nikisimama mkutanoni naambiwa naleta siasa.

#10 Kitongoji Kwetu

Mwanangu, usianzie mkutanoni. Hapo utazomewa. Andika barua kwa mtendaji wa kijiji, kwa adabu, nakala kwa mwenyekiti na diwani, ukiomba taarifa ya mapato na matumizi iwe ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mkutano ule unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu na ni haki ya kila mkazi mwenye miaka 18, kwa hiyo huombi hisani. Tafuta wenzako kama kumi wasaini pamoja nawe, na wawemo wazee na akina mama, si vijana peke yenu. Barua ya mtu mmoja hupotea kwenye droo. Iliyosainiwa na bibi wa mtendaji mwenyewe haipotei.

Siku ya mkutano usiulize fedha zote. Uliza kitu kimoja ambacho kila mtu amekiona kwa macho: mchango wa madawati, tofali za darasa, au ushuru wa gulio kama mnalo. Omba muhtasari uandike swali lako na jibu lililotolewa, na mkutano ukifuata anza kwa kuomba muhtasari usomwe.

Mkinikumbuka na lile gulio letu: choo kilijengwa mwaka jana, matundu manne. Hakikutoka kwenye mpango wa wilaya. Wafanyabiashara walichanga, kijiji kikatoa tofali, halmashauri ikaleta bati na saruji baada ya akina mama wa nyanya kwenda wenyewe, kumi na mmoja, kwenye kikao cha baraza la madiwani. Kikao ni cha wazi, waliingia wakakaa viti vya nyuma, hawakusema neno. Diwani wetu alipowaona akasimama.

Kamati ya zahanati inakaa Alhamisi. Nikitoka nitaweka hapa jinsi tunavyopanga ile karatasi ya mwembe, atakayetaka aige.